Hodi Isiyokwisha: Kunyamazisha Mwaliko wa Windows 11 kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja kibandani kwangu hapa Busia, upande wetu wa Uganda, laptopu kwapani, uso umekunjamana. "Fundi, hii mashine inakula data usiku." Jioni iliyotangulia alikuwa amenunua bando la wiki, akawasha hotspoti ya simu ili atume maksi za watoto, usingizi ukamchukua. Alipoamka bando lilikuwa limekwisha, na mashine ilikuwa inamwomba aizime na kuiwasha upya ili Windows 11 ikae sawa. Yeye hakuiomba. Tulipoulizana polepole ikajulikana kwamba wiki iliyopita bango la bluu lilijaza kioo kizima, na mwanawe akabofya kitufe kikubwa kuliko vyote ili bango liondoke arudi kwenye mchezo wake.

Kosa la pili lilikuwa langu, na nitalieleza nikifika kwenye data.

Wateja wengi huniletea tatizo hili kwa sentensi moja: "Inataka apdeti." Lakini nyuma ya sentensi hiyo kuna wabisha hodi watano au sita tofauti, na dawa ya mmoja haimfukuzi mwingine. Nimeona watu wakizima huduma nzima ya masasisho kwa sababu ya tangazo lililotoka kwenye tovuti ya mpira. Kabla hujagusa kitu, tazama ujumbe umetokea wapi kwenye kioo na umebeba jina la nani.

Kisha jua unaendesha nini. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, bonyeza Enter. Kidirisha kitakuambia kama ni Windows 10 na ni toleo gani. Toleo la mwisho la Windows 10 ni 22H2. Ukiona 21H2 au la nyuma zaidi, mashine yako ni mawindo rahisi, maana Windows huwa haisubiri ruhusa yako ili kuliondoa toleo ambalo muda wake umekwisha.

Bango linalojaza kioo kizima ukiwasha mashine

Hili ni la Windows yenyewe. Linakuja kabla hujaona picha ya mezani, na limepangwa kijanja: kitufe cha kukubali ni kikubwa na kina rangi, cha kukataa ni maandishi membamba, na mara nyingine hukioni mpaka ukurasa wa pili. Usiharakishe. Soma kila neno, tafuta linalosema ubaki na Windows 10 au ukumbushwe baadaye, ubofye hilo.

Tabia hii haikuanza leo. Windows 10 ilipotoka tarehe 29 Julai 2015, wenye Windows 7 na 8.1 walipewa mwaka mmoja wa kuhamia bure, na sasisho lililoitwa KB3035583 likawapandikizia alama ya "Get Windows 10" pembeni mwa saa. Kufikia Mei 2016 mambo yaliharibika kabisa: ukifunga kidirisha kile kwa alama ya X, kompyuta ilichukulia kwamba umekubali tarehe iliyokwisha kupangwa. Alama ambayo kwa miaka mingi ilimaanisha "ondoka" ikawa inamaanisha "karibu". Watu walipiga kelele mpaka Microsoft ikarekebisha, na huko California mwanamke mwenye wakala wa safari, ambaye mashine yake ya kazi iliharibikiwa baada ya kuhamishwa, aliwashtaki akalipwa dola 10,000. Ndiyo sababu mimi bado siiamini alama ya X kwenye mabango haya, hata kama siku hizi imetulia.

Kupunguza mabango ya aina hii, fungua Settings, ingia System, halafu "Notifications & actions". Shuka chini utaona visanduku vitatu: kimoja kinazungumzia "Windows welcome experience", cha pili kinapendekeza njia za kumalizia kuandaa kifaa chako, cha tatu kinaahidi "tips, tricks, and suggestions". Ondoa alama ya vema kwenye vyote vitatu. Sijawahi kuona mteja aliyevikosa.

Mwaliko umekaa ndani ya ukurasa wa Windows Update

Huu ndio wenyewe. Ukiingia Settings, "Update & Security", unakuta sanduku linalosema Windows 11 iko tayari kwa ajili yako, na chini yake kitufe cha "Download and install". Kando yake kuna maandishi madogo: "Stay on Windows 10 for now". Yabofye, sanduku litafungwa. Lakini zingatia hilo "for now". Ni sawa na mgeni aliyekuambia kwamba anapita tu dukani kidogo.

Dawa inayokaa ni kuiambia Windows, kwa sera, kwamba mashine hii mwisho wake ni Windows 10 toleo la 22H2. Ukiwa na Windows Pro, andika gpedit.msc kwenye kisanduku kile cha Windows na R, kisha fuata njia hii: Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Windows Update, Windows Update for Business. Humo kuna sera inayoitwa "Select the target Feature Update version". Iwashe, kwenye nafasi ya kwanza andika Windows 10, kwenye ya pili 22H2.

Windows Home haina gpedit, na mashine nyingi za nyumbani ni Home. Hapo tunapita mlango wa nyuma, yaani rejista, daftari la ndani ambamo Windows huweka mipangilio yake. Tafuta "cmd", dirisha la kuandikia amri, kwenye menyu ya Start, bofya kulia, chagua "Run as administrator", halafu andika mistari hii mitatu, mmoja baada ya mwingine:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v TargetReleaseVersion /t REG_DWORD /d 1 /f

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v ProductVersion /t REG_SZ /d "Windows 10" /f

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v TargetReleaseVersionInfo /t REG_SZ /d 22H2 /f

Alama za nukuu ziandikwe kama zilivyo, na nafasi kati ya Windows na 10 isisahauliwe. Zima mashine, iwashe tena, rudi kwenye ukurasa wa Windows Update, bofya "Check for updates". Sanduku la mwaliko linapaswa kuwa limeondoka. Asiyependa kuandika amri anaweza kutumia programu ndogo ya bure iitwayo InControl, ya Steve Gibson, yule yule aliyetengeneza Never10 mwaka 2016 wakati wa vurugu zile za Windows 10. InControl inaandika mambo haya haya kwenye rejista na kuyafuta ukitaka. Ipakue kwenye tovuti yake ya GRC tu, si kwenye kurasa za kugawa programu zilizojaa vitufe vya kijani.

Ukishaweka sera, juu ya ukurasa ule yatatokea maandishi mapya: "Some settings are managed by your organization". Mama mmoja alinirudia mbio akidhani laptopu yake imeingiliwa na kampuni fulani. Hakuna kampuni. "Organization" hapo ni wewe uliyeweka sera.

Wenye Windows 11 tayari, wanaosumbuliwa kuhamia toleo la mbele, watatumia njia hiyo hiyo. Badala ya Windows 10 waandike Windows 11, na toleo walilonalo kama winver ilivyoonyesha.

Mashine inasema haifai, lakini bado inakusumbua

Laptopu nyingi tunazouziana hapa ni za mtumba. HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6 cha Intel, G4 ni cha 7, na Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), RAM ya gigabaiti 4 na diski ya 64. Kwa hiyo G3 itakuonyesha ujumbe kwamba kompyuta hii kwa sasa haitimizi masharti ya Windows 11. Mtu anausoma anadhani mashine imekufa, na wapo mafundi wanaoutumia ujumbe huo kumuuzia mashine nyingine. Mashine haijafa. Sera niliyoeleza juu huuondoa ujumbe huo kwa wengi.

Ukikuta programu iitwayo "PC Health Check" ambayo hukuiweka, ililetwa na sasisho la KB5005463. Iondoe kama unavyoondoa programu yoyote nyingine. Kuna na KB5001716, ambalo kazi yake mojawapo ni kuonyesha vikumbusho hivi. Unaweza kuliondoa, lakini lina tabia ya kurudi, kwa hiyo sipotezi muda nalo nikishaweka sera.

Wako wanaoingia BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine kabla Windows haijawaka, na kuzima TPM kwenye mashine inayofaa, ili ionekane haifai. Inafanya kazi. Ila kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, siku hiyo hiyo mashine itakudai ufunguo wenye tarakimu 48, na kama hujui ulihifadhiwa wapi, picha za harusi zimekwenda. Siishauri.

Imeshapakua, inataka kuwasha upya

Hapa ndipo alipokuwa mwalimu wangu. Dalili ni menyu ya kuzima inayoonyesha "Update and restart" na "Update and shut down", na nafasi kwenye diski C imepungua ghafla kwa gigabaiti kadhaa. Bado hujachelewa. Usibofye hayo mawili. Kama menyu ina "Shut down" peke yake, tumia hiyo.

Kwanza weka sera ya hapo juu, la sivyo kila unachofuta kitapakuliwa tena. Kisha kwenye ukurasa wa Windows Update bofya "Pause updates for 7 days". Halafu, kwenye cmd ile ya msimamizi, andika net stop wuauserv, kisha net stop bits. Fungua folda ya C:\Windows\SoftwareDistribution\Download na ufute vilivyomo ndani yake, si folda yenyewe. Baada ya hapo fungua Disk Cleanup, chagua "Clean up system files", weka vema kwenye "Temporary Windows installation files", ufute. Maliza kwa net start bits na net start wuauserv, uwashe mashine upya.

Imeshaingia, umeamka ukakuta Windows 11

Una siku 10. Ingia Settings, System, Recovery, utakuta "Go back". Windows ya zamani imehifadhiwa kwenye folda ya Windows.old, kwa hiyo katika siku hizo usiruhusu mtu yeyote "akusafishie" diski. Ukitaka muda zaidi wa kufikiri, andika kwenye cmd ya msimamizi, kabla siku 10 hazijaisha: DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30. Mwisho inakubali 60.

Hamisha faili zako kwenye flashi kabla ya kurudi nyuma, chomeka chaja, na uangalie kwanza Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ina yuniti za kutosha. Betri ya mtumba ya dakika ishirini, umeme ukatike katikati ya kazi hii, ni safari ya kuja kwa fundi.

Hakuna bango, lakini data inayeyuka

Sasa kosa langu. Miezi kadhaa kabla, nilikuwa nimemwekea mwalimu mtandao wake kuwa wa kupimwa: Settings, "Network & Internet", Wi-Fi, jina la mtandao, kisha "Set as metered connection". Windows ikijua mtandao ni wa kupimwa, haipakui masasisho makubwa bila kuulizwa. Nilichosahau kumwambia ni kwamba alama hiyo hukaa kwenye jina la mtandao mmoja, si kwenye kompyuta nzima. Akabadilisha simu, hotspoti ikapata jina jipya, na kwa Windows huo ukawa mtandao mgeni usio na masharti yoyote.

Hapa mpakani jambo hili lina uchungu wake. Watu wana laini mbili, ya huku na ya Kenya, na simu zenyewe hurukia mnara wowote ulio karibu. Kila jina la hotspoti unalotumia, la kwako, la mume, la jirani, liwekee alama hiyo. Halafu kwenye Windows Update ingia "Advanced options", uhakikishe swichi ya kupakua kwenye mtandao wa kupimwa imezimwa. Ukiwa humo humo, fungua "Delivery Optimization" na uzime "Allow downloads from other PCs". Ikiwa wazi kwa intaneti, kompyuta yako inaweza kuwagawia watu usiowajua vipande vya masasisho kwa bando lako. Tangu Julai 2021, data ya Uganda inabeba ushuru wa asilimia 12. Sioni sababu ya kuwalipia na wengine.

Kupakua Windows 11 nzima ni gigabaiti 4 hivi au zaidi. Kama bando lako la wiki ni dogo kuliko hapo, hesabu hiyo inatosha kueleza lilikokwenda.

Kidirisha kinachoruka kwenye kona ya chini

Kisome vizuri. Kama ndani yake kuna jina la Chrome au Edge na jina la tovuti usiyoikumbuka, hiyo si Windows hata kidogo. Ni tovuti uliyoiruhusu kukutumia arifa, pengine siku ulipokuwa unatafuta mechi ya bure na ukabofya "Allow" ili video ifunguke. Sasa inakutishia kwamba Windows yako imepitwa na wakati, au ina virusi 5. Usibofye ndani. Kwenye Chrome andika chrome://settings/content/notifications pale juu pa anwani, uondoe tovuti zote usizozijua. Ninaposema wabisha hodi ni wengi, huyu ndiye ninayemkuta mara nyingi kuliko wote, na sera zote za rejista hazimgusi.

Maandishi hafifu au onyo la leseni

"Activate Windows" kwenye kona ya kulia chini si mwaliko wa kuhama. Ni Windows ambayo leseni yake haijathibitishwa. Na kama ujumbe unasema leseni yako inakaribia kuisha, andika slmgr /xpr kwenye cmd. Ukipewa tarehe badala ya kuambiwa leseni ni ya kudumu, fundi aliyekuuzia mashine alitumia njia iliyokusudiwa kwa ofisi kubwa, ambayo hudumu siku 180 na kutaka kuhuishwa na seva ya ofisi hiyo. Wewe huna seva. Laptopu nyingi za ofisini zilitoka kiwandani na leseni halali iliyofichwa kwenye ubao wake. Kuweka upya Windows safi ya aina ile ile mara nyingi huirudisha bila kulipa chochote.

Usichopaswa kufanya

Kuzima kabisa huduma ya Windows Update. Najua inavutia, na mjini kuna wanaoitoza pesa kama tiba. Windows ina huduma nyingine, WaaSMedicSvc, ambayo kazi yake ni kuifufua ile uliyoizima, kwa hiyo utakuwa unapigana vita kila wiki. Na ukishinda, umeshinda vibaya: umefunga na viraka vya usalama. Sera ya toleo lengwa inazuia kuhamishwa tu, viraka vinaendelea kuja.

Au vilikuwa vinaendelea. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine itawaka kama kawaida, ila viraka vya kila mwezi vinahitaji ujiandikishe kwenye mpango wa nyongeza uitwao ESU, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Kiungo cha "Enroll now" kipo kwenye ukurasa ule ule wa Windows Update, ikiwa uko kwenye 22H2. Unalipa dola 30, au unatumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au hulipi kitu ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Akaunti inahitajika kwa njia zote, na usajili mmoja unatosha mashine 10. Kwa hiyo nikikuzimia mwaliko bila kukuandikisha ESU, nimekufanyia nusu ya kazi. Mwenye mashine ya kizazi cha 8 na RAM ya kutosha, mimi humwambia wazi: hama, lakini siku unayotaka wewe, kwa Wi-Fi isiyo ya bando, faili zikiwa kwenye flashi.

Wa Ubuntu wao wana raha: fungua "Software & Updates", sehemu ya Updates, pale panapouliza kuhusu matoleo mapya weka "Never". Wa Mac waingie System Settings, General, Software Update, wazime swichi za masasisho ya moja kwa moja ila waache ile ya usalama.

Nikimaliza nabandika karatasi ndogo chini ya laptopu. Naandika tarehe, jina la sera, na amri ya kuifuta, ambayo ni ile ile ila "reg delete" badala ya "reg add", unaishia kwenye jina la kila kimoja na /f. Mwalimu aliiangalia yake akauliza ya nini, wakati mimi nipo hapa kila siku. Nikamwambia siku atakayoamua kuhama, fundi atakayemkuta asije akahangaika usiku kucha kutafuta kwa nini Windows 11 inakataa kuingia.